Moyo Wangu, Kifurushi Chao

Kuna hoja inayotembea siku hizi kwa kujiamini kupita kiasi. Inasema dunia imehamia kwenye malipo ya mwezi: simu ina bando, televisheni ina kifurushi, umeme una LUKU, basi saa ya kukimbilia nayo, ikidai ada ya mwezi ndipo ikuonyeshe moyo wako ulivyodunda mlimani, haijafanya kioja. Asiyetaka aache. Nimeisikia kwa vijana wanaoishi mitandaoni, kwa walimu, hata kwa makocha. Na sisi wa Balangdalalu, wilayani Hanang, tunaongezewa kijembe cha ziada: hayo ni malalamiko ya watu wasio na shida, mwenye kutafuta maji ya ng'ombe hana muda wa kugombana na saa.

Hoja hiyo ni mbovu, na ubovu wake unaanzia kwenye huo mfano wa umeme.

Uniti ya umeme imezalishwa Kidatu au Bwawa la Julius Nyerere, ikasafirishwa kwenye nyaya, ikaliwa na pasi, ikaisha. Kesho TANESCO lazima izalishe nyingine. Sasa mtu anieleze: kilomita 12 alizokimbia binti alfajiri kwenye barabara ya kwenda Katesh zimezalishwa na nani? Miguu ni yake, pumzi ni zake, na yale mapigo 170 kwa dakika ni ya moyo wake. Saa ilihesabu tu, na kazi ya kuhesabu ililipiwa siku saa iliponunuliwa. Tena kama tunataka kweli kujifunza kutoka kwenye umeme, tukumbuke ile gharama ya huduma ya Sh5,520 ambayo wateja walikatwa kila mwezi kabla hawajapata hata uniti moja. Watu waliichukia miaka nenda rudi, wakaambiwa ndivyo mambo yalivyo. Aprili 2016 EWURA, mdhibiti wa nishati, ikaifuta. Nchi haikuingia gizani kwa sababu hiyo.

Tueleze kwanza kilichotokea, maana wengi wanalumbana bila kukijua. Tarehe 27 Machi 2025, kampuni ya Garmin, ambayo saa zake zimo mikononi mwa wakimbiaji kila pembe ya dunia, ilitangaza daraja jipya la kulipia liitwalo Connect+. Bei yake Marekani ni dola 6.99 kwa mwezi au 69.99 kwa mwaka. Wateja wakawaka. Wengi wao walikuwa wameinunua Garmin kwa bei kubwa kwa sababu haikuwa na ada. Wengine waliwakimbia washindani wake kwa sababu hiyo hiyo. Kampuni ikajitetea kwamba kila kilichokuwa bure kitabaki bure, kinacholipiwa ni vitu vipya tu, kikiwemo kimoja cha akili unde kinachokusomea takwimu zako na kukupa ushauri.

Utetezi huo una ukweli ndani yake, na anayebishana kwa haki aukubali. Lakini wenye hasira hawakutoka usingizini. Walikuwa wameona mlolongo. Mei 2020 programu ya mazoezi ya Strava ilihamishia orodha kamili za washindani wa vipande vya njia upande wa wanaolipia. Mwaka 2021 pete ya Oura ya toleo la tatu iliingia sokoni na ada ya dola 5.99 kwa mwezi. Asiyelipa huiona pete yake ikimpa alama tatu tu, ya usingizi, ya utayari na ya shughuli, na mengine yote ambayo pete imeyapima kwenye kidole chake anafungiwa. Kampuni ya saa za Fitbit nayo, chini ya Google iliyokamilisha kuinunua Januari 2021, ilikuwa na daraja la Premium la dola 9.99. Mteja aliyeyaona hayo yote akisikia "cha zamani kitabaki bure" anaelewa pia kilichonyamaziwa: kila kizuri kitakachozaliwa kuanzia leo kitazaliwa upande wa pili wa ukuta, na cha zamani kitaachwa kizeeke. Hakuna haja ya kumnyang'anya mtu. Unaacha tu kumpa.

Sasa kile kijembe. Eti shida za wenye nazo.

Watu wanaosema hivyo wanasahau wako wilaya gani. Kipande hiki cha nchi, kuanzia Mbulu, kuzunguka Mlima Hanang, mpaka Singida, ndicho kilichoijengea Tanzania jina katika mbio ndefu. John Stephen Akhwari, yule aliyemaliza marathoni ya Mexico 1968 na goti limefungwa bandeji, ni mtu wa Mbulu. Gidamis Shahanga, bingwa wa marathoni ya Jumuiya ya Madola kule Edmonton 1978 na wa mita 10,000 kule Brisbane 1982, ni wa Katesh hapo jirani. Gabriel Geay wa Tlawi, Mbulu, alikimbia Valencia mwaka 2022 kwa saa 2:03:00. Magdalena Shauri alishika nafasi ya tatu Berlin 2023 kwa saa 2:18:41. Na Alphonce Simbu wa Singida, Septemba 2025, alitwaa ubingwa wa dunia Tokyo kwa saa 2:09:48, muda ule ule aliopewa Mjerumani Amanal Petros aliyekuwa wa pili. Tofauti yao ilikuwa sehemu tatu za mia moja za sekunde. Kwa watu wa namna hii na kwa vijana wanaowafuata, kukimbia ni ajira. Ni ada ya shule ya wadogo zao, ni bati za nyumba ya mama. Saa inayopima kasi na mapigo ni zana ya kazi, na kumbukumbu zake ndizo kocha aliye mbali anazozisoma kuamua kesho mkimbiaji apumzike au apande mlima. Kijana yuko huku, kocha yuko Arusha au ng'ambo, kati yao kuna faili.

Dola 6.99 ni kati ya Sh17,000 na Sh18,500, kutegemea dola imeamkaje. Amri ya mishahara ya 2022 iliweka kima cha chini cha mfanyakazi wa shambani kuwa Sh140,000 kwa mwezi. Kwa kima hicho cha 2022, ada ya saa peke yake ilikuwa kama sehemu ya nane ya mshahara, na bado hujahesabu bando la kuipandishia hiyo data wala tabu ya kutafuta kadi ya kulipia mtandaoni. Mtu wa Kansas, Marekani, akilipa hiyo hela anaacha vikombe viwili vya kahawa. Huku anayelipa anaacha kitu kingine kabisa. Kwa hiyo anayedai kwamba malalamiko haya ni ya matajiri ameupindua ukweli: tajiri analalamika, lakini analipa. Asiye nacho ndiye anayefungiwa nje, tena kimyakimya, kwa sababu hakuna anayemwuliza.

Na kuna jambo ambalo sijaona wachambuzi wa miji mikubwa wakiligusa, kwa sababu kwao halipo. Huku saa ya GPS haifiki ikiwa ndani ya boksi lake. Inafika mkononi mwa mtu wa pili au wa tatu: kaka aliyepata mpya kutoka kwa wakala wake akamwachia ndugu ya zamani, mgeni wa kujitolea aliyemaliza muda wake akarudi kwao, kijana wa meza ya vifaa vya simu Arusha. Mtumba ndio mlango ambao mtu wa kipato cha chini amepitia kuzipata zana za kazi miaka yote: cherehani, baiskeli, pikipiki, kompyuta. Kitu kikishauzwa kimeuzwa. Aliyekitengeneza hana neno tena juu yake, na ndiyo maana bei hushuka kila kinapobadilisha mikono mpaka kinamfikia anayeweza.

Ada ya mwezi inaufunga mlango huo. Kifaa cha Whoop, cha kupimia mwili mkononi, bila uanachama ni mkanda wa kitambaa wenye plastiki. Pete ya Oura iliyotumika miaka miwili, ukiinunua kwa bei ya kutupwa, bado itadai dola zile zile alizokuwa akidaiwa mwenye nayo wa kwanza. Uzee wake hauipunguzii ada hata senti. Huo ndio uzuri wa ada machoni mwa kampuni, na ndio ubaya wake kwetu. Bei ya kifaa hushuka kadiri kinavyochakaa. Ada haichakai. Kwa hiyo mtu wa tatu, ambaye kwa desturi ya soko alipaswa kulipa kidogo kuliko wote, anakuta sehemu kubwa ya gharama inamsubiri ikiwa mbichi. Anayeniambia hili ni jambo la kawaida kama kifurushi cha televisheni, aje tukae mnadani siku moja tuone bidhaa ngapi pale zina mdai wa kudumu nyuma yake.

Wapo pia wazee wangu, nawaheshimu, wenye jibu la mkato: Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 Christchurch mwaka 1974 na hakuwa na saa ya kumhesabia mapigo. Ni kweli, shikamooni. Hakuwa nayo Bayi, na hakuwa nayo John Walker aliyemfukuza mpaka utepeni. Siku hiyo wote walikuwa na kocha mwenye saa ya kubonyeza na daftari. Usawa wa kukosa ni usawa. Leo mkimbiaji wa Ulaya anaamka akiwa na picha ya usiku wake mzima, na sisi tunataka wa kwetu ajivunie kutokuwa nayo. Bayi mwenyewe hakushinda kwa kukataa nyenzo. Alishinda kwa kuongoza tangu mwanzo, jambo ambalo wenye busara wa enzi zake waliliona ni wazimu.

Nije kwenye hoja yao iliyo bora kuliko zote, ile ya seva. Seva hazijiendeshi, wanasema, wahandisi hawafanyi kazi kwa sala, na data ikihifadhiwa miaka kumi lazima mtu alipe.

Nakubali lazima mtu alipe. Naomba tu tuhesabu pamoja. Faili la mbio za saa nzima, lenye mahali ulipokuwa kila sekunde na mapigo ya kila sekunde, halifikii megabaiti moja. Picha moja ya harusi unayotumiwa WhatsApp inaweza kulizidi. Hesabu nyingi zinazovutia, kama makadirio ya uwezo wa mwili kutumia oksijeni, hufanyika ndani ya saa yenyewe. Julai 2020 wahalifu wa mtandao waliposhambulia mifumo ya Garmin, huduma zake zikalala kwa siku kadhaa, saa ziliendelea kupima na kutunza faili kama kawaida. Mwenye waya na kompyuta alilichukua la kwake. Na kampuni hiyo mwaka 2024 ilikuwa na mapato yaliyozidi dola bilioni 6, rekodi kwake, kabla Connect+ haijazaliwa. Seva zilikuwa zinalipiwa na bei ya saa. Hazikuwa na njaa.

Mfano mwingine unaoniudhi zaidi ni wa Google. Ile alama ya utayari wa siku ilikuwa kitu cha kulipia Premium kwa wenye Fitbit. Mwaka 2024 Google ikaamua kuwapa wote bila kulipa. Siku hiyo seva hazikuanguka. Gharama ya kuitengeneza alama ilikuwa ile ile jana na leo. Kilichobadilika ni mahesabu ya soko. Basi tuambiwe hivyo, kwamba ada hupangwa kwa kupima uvumilivu wa mteja. Nitaielewa biashara hiyo. Nisichokubali ni kuuziwa uvumilivu wangu kwa jina la umeme wa seva.

Halafu kuna setilaiti. Saa hizi hujua ulipo hasa kwa GPS, mfumo uliojengwa na jeshi la Marekani kwa kodi za Wamarekani. Baada ya ndege ya abiria ya Korea kupotea njia na kudunguliwa na Wasovieti Septemba 1983, Rais Reagan aliahidi kwamba mfumo huo ukikamilika utatumiwa na raia wa dunia nzima bure. Mei 2000 Rais Clinton akaamuru kuondolewa kwa ule upotoshaji wa makusudi uliokuwa ukiwafanya raia wapate vipimo vya kukosea. Garmin, iliyoanzishwa 1989, na wenzake wote waliofuata, walijenga utajiri wao juu ya ishara hiyo ambayo hadi leo hawailipii hata dola kwa mwezi. Inashuka Kansas, inashuka Balangdalalu, haiulizi nani kajisajili. Kampuni iliyolelewa na kitu cha bure cha namna hiyo haina uso wa kumwambia mkimbiaji kwamba hakuna cha bure duniani.

Hapa naachana kidogo na wenzangu wenye hasira, maana wengine wamepiga kelele mpaka wakavuka mpaka. Si kila ada ni wizi. Strava haiuzi saa. Inachouza ni uwanja wa kukutana: wewe na maelfu ya wengine mnashindana kwenye kilima kimoja, na uwanja huo umejengwa na kutunzwa na watu wanaopokea mshahara. Kutoza kiingilio cha uwanja si dhambi, japo kuwafungia ghafla watu walioujaza bure kwa miaka kumi kulikosa adabu. Kocha anayekuandikia programu ya mazoezi ya wiki 16, awe mtu au kompyuta, amekuongezea kitu, alipwe. Whoop nao angalau husema wazi tangu mwanzo kwamba wanakodisha, hawauzi. Ingawa Mei 2025, walipotoa toleo jipya na kutaka wanachama waongeze mwaka mzima au walipe ili wabadilishiwe kifaa, wakati maelezo yao ya awali yalikuwa yamesema miezi sita ya uanachama yatosha, walilazimika baada ya siku chache kulegeza masharti. Mkodishaji naye ana mkataba wa kuuheshimu.

Mpaka wangu mimi uko mahali pamoja tu. Alichokiongeza mwenye kampuni ni chake, akiuze. Alichokitoa mwili wangu ni changu, na kumbukumbu yake ni yangu pia. Kila mama wa hapa anaijua kanuni hii bila kusomea sheria: mtoto akipelekwa kliniki hupimwa kwa mizani ya serikali, na muuguzi wa serikali, kwenye kadi iliyochapwa kwa hela ya serikali, kisha mama anaondoka na kadi. Mstari wa uzito wa mwanawe unakaa nyumbani kwake, ndani ya mfuko wa nailoni, na akihamia Singida anakwenda nao. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kwa kuwa mizani si yake, basi na uzito wa mtoto si wake, alipe kila mwezi aruhusiwe kuutazama.

"Lakini ulikubali masharti." Ndiyo, nilibonyeza. Kurasa kadhaa za Kiingereza cha mawakili, kwenye kioo cha simu, na kitufe kimoja. Wilaya hii ina historia yake na makaratasi ya wengine. Mashamba ya ngano ya NAFCO, shirika la umma, kwa msaada wa Canada, yalipochukua ekari zipatazo 100,000 za malisho ya Wabarbaig, kijiji cha Mulbadaw kilikwenda mahakamani mwaka 1981, kikashinda Mahakama Kuu, na mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaupindua ushindi huo. Waliochungia pale tangu mababu walionekana hawana uthibitisho wa kutosha wa umiliki. Silinganishi saa na malisho. Aliyepoteza malisho alipoteza maisha. Ninasema tu kwamba watu wa Hanang tuna sababu ya kutotulia tukiambiwa kwamba kitu tulichokitumia na kukitolea jasho ni cha mwenye karatasi.

Na masharti yenyewe hubadilika baada ya kununua. Hilo ndilo linalouangusha ule wimbo wa "hakuna aliyekulazimisha". Niliponunua sikulazimishwa, kweli. Miaka mitatu baadaye, kumbukumbu zangu zote zikiwa kwenye akaunti yao, mazoezi ya misimu mitatu, jeraha la goti na nilivyolipona, kocha amezoea kusoma humo, ndipo bei inatajwa. Wakati huo uhuru wa kuondoka una gharama, na gharama hiyo ndiyo wanayoiuza.

Serikali yetu si mgeni wa mambo haya. Kwenye televisheni tumeshapita. Mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, tukanunua ving'amuzi, na kwa miaka kadhaa yakawapo malalamiko yale yale: kifurushi kikiisha, hata chaneli za ndani zilizopaswa kuwa bure zinazimika. TCRA, mdhibiti wa mawasiliano, ilisimama upande wa mtazamaji, lakini namna ilivyosimama ilituuma. Agosti 2018 watoa huduma wa setilaiti, DStv, Azam na Zuku, walilazimika kuziondoa chaneli hizo kwa sababu leseni zao hazikuwaruhusu kuzitoza, na mtazamaji aliyekuwa akitetewa akajikuta anahitaji king'amuzi cha pili ili aone taarifa ya habari. Kwa hiyo nikisema serikali iingilie kati, simaanishi tangazo la jioni la kupiga marufuku ada. Tangazo la namna hiyo litazifanya kampuni zilizime soko letu dogo, na mkimbiaji wetu atabaki na mkanda wa plastiki.

Zana za kisheria zipo, zinahitaji kunolewa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake. Sheria hiyo inamtambua mtu kuwa na haki ya kuzifikia taarifa zake zinazoshikiliwa na mwingine. Mapigo ya moyo wangu kama si taarifa yangu binafsi, sijui ni ya nani. Kenya, kwa sheria yake ya 2019, imeandika waziwazi haki ya kuihamisha data kutoka kwa mtunzaji mmoja kwenda kwa mwingine. Ulaya imekwenda mbele zaidi: tangu tarehe 12 Septemba 2025 sheria yao ya data inamtaka anayeshikilia data ya kifaa kilichounganishwa na mtandao ampe mtumiaji data aliyoizalisha kwa kukitumia, bila malipo. Kampuni hizi hizi tunazozungumzia zinauza Ulaya. Faili wanaloweza kumpa Mjerumani bure hawawezi kuniambia mimi kwamba seva haziruhusu.

Wala wasiseme Tanzania haina mkono wa kuzifikia. Tangu Julai 2022 tumekuwa na kodi ya asilimia 2 kwenye mapato ya huduma za kidijitali za kampuni za nje, pamoja na VAT, na TRA ikaweka utaratibu wa kuzisajili bila kuwa na ofisi nchini. Serikali inayoweza kuifikia ada ili ichukue fungu lake inaweza pia kumfikia anayetoza ada ili aulizwe maswali. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi itoe mwongozo mfupi: kipimo chochote ambacho kifaa kimekwisha kukichukua mwilini mwa mtu, mtu huyo akipate kizima, katika faili linalofunguka kwenye programu nyingine, bila ada, hata kama usajili wake umeisha au hakuwahi kujisajili. Tume ya Ushindani nayo iwatake wauzaji waandike ubavuni mwa boksi, kwa Kiswahili, ni vitu gani vitazimika mwezi ambao mteja hatalipa. Mambo hayo mawili hayamnyimi mtu yeyote faida yake halali. Kampuni inayojiamini kwamba ushauri wake una thamani itaendelea kuuuza, na mimi nikiona unanifaa nitaununua.

Mpaka hapo tume hizo zitakapoamka, mbadala upo. Kampuni za saa za Coros na Suunto hazitozi ada ya kuona mazoezi yako, na Garmin, pamoja na yote niliyoisema, bado inamruhusu mtu kulitoa faili lake. Tofauti hizo zinapaswa kuonekana kwenye bei. Anayenunua saa, mpya au mtumba, amwombe muuzaji aiwashe hapo hapo, aiunganishe na simu isiyo na usajili wowote wa kulipia, akimbie nayo mita mia mbili, kisha alitoe faili lake na kulituma kwenye simu nyingine. Likigoma kutoka, bei ishuke.